Mwaka Tuliotembea Kualika

Msiba wa Bi Hadia ulijaa wanawake ambao kwa miaka ishirini na ushei hawakumkaribisha hata kikombe cha chai. Walikuja na kanga safi zinazonukia udi, wakavua viatu mlangoni, wakabanana mkekani, kisha wakaanza kumsifu. Mmoja alisema marehemu alikuwa na ulimi mtamu. Mwingine akasema toka Moa mpaka Ushongo hajatokea mwalikaji kama yeye. Kwamba akikualika Hadia, unaona kama harusi ni ya kwako mwenyewe. Wa tatu alijifuta macho makavu kwa ncha ya mtandio. Nilikuwa nimeegemea ukuta karibu na kabati, nikawatazama mmoja mmoja. Hao hao ndio waliompachika jina la Hadia Kasahau, wakamwita hivyo sokoni mbele ya uso wake, mpaka watoto wa shule waliokwenda kununua visheti vyake wakadhani ndilo jina alilopewa na wazazi. Mimi ni mpita njia. Nilikuwa Tanga kwa siku mbili tu, natoka Lindi naelekea Mombasa, nikasoma habari ya kifo chake kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, chini ya picha ya waridi jeusi ambayo mtu fulani huituma kwa kila maiti. Ningeweza kuendelea na safari yangu. Nilikwenda kwa sababu katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba Bi Hadia hakusahau kitu.

Siku hizi mtu hualikwa harusi kwa simu. Anapata picha yenye maua, jina lake limeandikwa kombo, na chini yake namba ya kutuma mchango. Siidharau picha ile zaidi ya nilivyoudharau utaratibu wa zamani; vyote viwili ni namna ya watu kujifanya wanakutaka. Ila ule wa zamani ulikuwa na miguu. Familia ilimtafuta mwanamke mtu mzima, msafi, anayejua koo na majina, ikamtuma nyumba kwa nyumba na kijiji kwa kijiji kupeleka neno kwa mdomo. Kazi hiyo ilikuwa na sheria zake. Mkubwa wa ukoo hualikwa kabla ya wote. Mwalikaji hasemi neno lake akiwa amesimama, wala halisemi kabla hajaonja alichoandaliwa. Nyumba iliyopata habari kwa jirani haikualikwa, hata kama jirani amesema kweli tupu. Bi Hadia alizijua sheria hizi zote na alijivuna nazo kama mwenye mali. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye poda nyeupe shingoni na viatu vya plastiki vya rangi ya zambarau. Akibisha hodi, sauti yake ilibadilika ikawa nyembamba, ya kubembeleza: “Hodi wenyewe, hodi wenye kheri.” Nikiwa na miaka kumi na minane niliona hakuna sauti ya kuchukiza kama ile duniani.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Majibu yalikuwa yametoka na sitayataja. Inatosha kusema kwamba nilirudi mtaani na Kiingereza kidogo na dharau nyingi. Niliwadharau majirani kwa kuuliza mambo wanayoyajua. Niliwadharau wanaume wa barazani waliozungumza habari za Maskati kama watu waliokwenda jana, na hakuna kati yao aliyewahi kuvuka Muheza. Mtu pekee niliyemwacha nje ya dharau hiyo ni Rukia, ambaye nyumba yao na yetu ziligawana ukuta. Tulikua tukila sinia moja. Mama yake alikuwa akiweka nyama katikati, juu ya wali, na mimi na Rukia tuliipigania kwa vidole mpaka atuchape mikono kwa mwiko. Mwaka ule Rukia alikuwa anaolewa na Faraji, kijana mpole wa Raskazone aliyemsubiri miaka mitatu, naye Rukia alimpenda kwa namna ambayo hata mimi sikuweza kuicheka. Baba yake Rukia alikuwa amefariki, kaka hana. Wa kumwozesha alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Mbwana, aliyekaa Moa, kule karibu na mpaka. Bila yeye, wazee wa Faraji walisema wazi, hakuna ndoa. Hawakutaka binti wa watu ambaye hakuna mkubwa aliyesimama naye.

Rukia alikuwa ameshawekwa ndani. Nilimkuta katika chumba kilichofungwa dirisha kwa shuka, kinanuka liwa na mafuta ya nazi, na somo wake, mwanamke aliyemfunda, amelala kwenye mkeka akikoroma mdomo wazi. Rukia alikuwa amepakwa manjano mpaka masikioni. Alinivuta karibu, akanipa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

“Hii ya baba mkubwa,” akaninong'oneza. “Hasomi herufi zetu, anasoma za chuoni, za Kiarabu. Utamsomea weye.”

“Na Bi Hadia je? Si ndiye mwenye maneno?”

“Bi Hadia atasema ya wakubwa. Posa ilikwenda kwa upande wa mama, baba mkubwa akaletewa habari tu. Nahisi kaona karukwa. Msomee, Mishi. Akisikia mimi mwenyewe namtaka, atakuja.”

“Na asipokuja?”

“Basi hapa nitazidi kukaa, nioze na manjano yangu.” Akacheka, kisha akaacha kucheka. “Nakuomba.”

Somo wake alifumbua jicho moja, akauliza kuna nini, nikasema hakuna kitu. Barua niliitia kwenye pochi yangu. Na mimi, ambaye nilikuwa nimekubali Bi Hadia anichukue safari ile ya kualika kwa sababu tu nilichoka kukaa, nikajiona nimekabidhiwa jambo la maana na mtu mwenye akili, tofauti na upuuzi utakaosemwa na yule mwanamke wa poda.

Safari ilianzia Raskazone, uani kwa baba yake Faraji, mfanyabiashara wa nyavu. Watu hawa walikaa kwenye nyumba iliyojengwa na Mjerumani, na walipita vyumbani mwake na vifua mbele kana kwamba wao ndio waliobeba mawe. Walitupa gari, pikapu ya kijani iliyofungwa utepe mwekundu kwenye antena, pamoja na dereva, Sefu, aliyetuambia kabla hatujapanda kwamba gari hiyo iliwahi kumbeba waziri. Bi Hadia hakumsikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya mwenye gari, mikono ameikusanya tumboni.

“Twaanza Moa, bwana,” alisema. “Mzee Mbwana ndiye baba wa binti. Akishapata neno yeye, wengine wote wafuata.”

“Mtaanza Pangani,” alisema yule mzee, huku anasaini karatasi juu ya boneti. “Nyavu zangu zasubiriwa Pangani. Mkishashusha mtaendelea mpaka Ushongo, mrudi, halafu hiyo Moa yenu.”

“Si mpango, bwana. Hualiki mguu ukaacha kichwa.”

“Moa haihami, Bi Hadia. Gari langu au lako?”

Bi Hadia akapanda mbele, akajipepea kwa ncha ya buibui mpaka tukatoka mjini. Nilimcheka moyoni. Niliona ni mabishano ya watu wasio na kazi: nani asikie Jumatatu, nani asikie Alhamisi. Harusi ni ile ile. Leo namdharau zaidi yule mzee wa nyavu, kwa sababu yeye sheria alizijua, ila aliona zinawahusu maskini.

Barabara ya Pangani wakati ule ilikuwa vumbi na mashimo. Nilikaa nyuma juu ya nyavu, na hapo ndipo maradhi yangu yalipoanza. Mkonge ulipita safu kwa safu, ukakatika, bahari ikatokea upande wa kushoto, ikapotea, ikatokea tena mahali ambapo sikuitarajia. Nilikuwa nimeishi karibu na bahari hiyo maisha yangu yote bila kujua kwamba inakwenda mbali namna ile. Nimekaa miji mingi tangu wakati huo, na kila nilipohama nilijiambia sababu fulani, kazi, mume, hewa. Sababu ya kweli ni zile saa za juu ya nyavu. Inaniudhi kwamba nilipewa kitu kizuri namna hiyo na watu niliowadharau kiasi kile.

Maana walidharaulika. Kigombe tulipewa muhogo wa nazi kwenye nyumba tatu, na Bi Hadia akala katika zote tatu, akalamba vidole, akasema hajapata kuonja muhogo kama ule. Alisema hivyo mara tatu. Pangani tulikula mkate wa kumimina na maharage, tukatoka hapo tukavuka mlango wa pili tukakuta samaki wa kupaka. Nilipokataa, alinifinya paja chini ya kanga mpaka nikachukua tonge. Katika kila chumba alikaa pale pale, karibu na mlango, akauliza hali za wagonjwa kwa majina, akala, akanawa, kisha ndiyo sauti ile nyembamba ikatoka: “Mie nimetumwa. Mama yake Rukia awasalimu sana, na Ijumaa ya wiki ijayo mwatakiwa, wakubwa kwa wadogo, mkale na mkaozeshe.” Wenyeji nao hujifanya wameshtuka, kana kwamba hawajamwona akitembea kijiji kizima na viatu vyake vya zambarau. Ushongo palikuwa na wazungu wawili ufukweni, wamejilaza juani kama nguo zilizoanikwa zikasahauliwa, na ajuza mmoja aliyetukaribisha alituuliza kama na hao wamealikwa. “Hao hawajui kula na watu,” Bi Hadia akajibu, wakacheka wote wawili mpaka wakakohoa.

Ni huko Ushongo aliponifundisha kitu kimoja ambacho sikukidharau, au nilikidharau lakini kikakaa. Tulikuwa mbele ya sinia la wali na kuku. Mwenye nyumba alichukua paja, akalisogeza upande wangu. Nikashukuru. Tulipotoka, Bi Hadia akaniambia, “Usifurahi. Ukisogezewa nyama jua weye ni mgeni, na mgeni husema lake akaenda. Wa nyumbani hasogezewi. Wa nyumbani huachiwa ajichukulie.”

“Na nyie hamkusogezewa?”

“Mie nishakula katika sinia lile toka hujazaliwa.”

Sefu aliyekuwa anafungua mlango wa gari akasema yeye huko uani kasogezewa shingo na miguu, basi hajui yeye ni nani. “Weye ni dereva wa waziri,” Bi Hadia akamwambia, na huo ulikuwa mzaha wake pekee safari nzima.

Tulirudi Tanga, tukapumzika siku moja, tukashika njia ya Horohoro kwenda Moa. Bi Hadia alikuwa amevaa kanga mpya za harusi alizopewa na mama yake Rukia, amejipaka wanja, na njia nzima alikuwa anarudia majina ya watu wa nyumba ya Mzee Mbwana, midomo ikicheza. Nilidhani anasali. Tulipokaribia, kabla hata nyumba haijaonekana, akamshika Sefu mkono.

“Zima.”

“Bado, bibi, ni pale mbele.”

“Zima gari, nakwambia. Husikii?”

Tukasikia. Watu wengi walikuwa wanasoma kwa pamoja, sauti moja nzito inayopanda na kushuka. Mbele ya nyumba palikuwa na turubai na mikeka, wanaume wamekaa. Mtoto aliyepita na ndoo akatuambia: bibi amefariki, mama mkwe wake Mzee Mbwana, amezikwa jana. Bi Hadia alishuka, akaung'oa utepe mwekundu kwenye antena akautia matitini. Akajifuta wanja kwa mate. Akavua kanga ya juu, akaigeuza ndani nje ili maandishi yasisomeke, akajitanda. Kisha akanitazama mimi, akaniteremshia mtandio mpaka kwenye nyusi. Na alipokaribia mlango wa uani akaanza kulia. Hakuwahi kumwona marehemu. Alilia kwa sauti, kwa kwikwi, na wanawake wa ndani wakalia upya kwa sababu yake.

“Mwatoka wapi, ndugu zetu?” aliuliza mjane mmoja aliyekuwa akigawa kahawa.

“Tanga, kwa mama yake Rukia,” alisema Bi Hadia. “Twasikia, tukaona tusikae.”

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo kati ya watu wetu hakuna ambaye asingelifanya. Huwezi kutaja harusi palipo na maiti. Basi useme umekuja kufanya nini? Unasema umekuja kuhani. Lilikuwa neno la adabu, limetoka bila kufikiriwa, na wale wanawake wakalipokea kwa mikono miwili. Walisema Rukia ana watu. Walisema wa Tanga wamekuja kabla hata ya wa Duga walio jirani. Sinia lilipoletwa, nyama hatukusogezewa. Ilibaki katikati, na kila mmoja akajichukulia, na sisi pia. Nilikula wali wa yule bibi aliyekufa nikamwona Bi Hadia mbele yangu anakula taratibu, uso umevimba kwa machozi ya uongo, nikajiambia kwamba huyu ndiye mtu mnafiki kuliko wote niliopata kukaa nao.

Lakini mimi nilikuwa na barua. Hilo ndilo nililozunguka nalo miji yote. Kabla ya alasiri nilitoka uani kunawa mikono, na kwenye pipa la maji nikamkuta Mzee Mbwana peke yake, anatia udhu. Alikuwa mrefu, mwembamba, kanzu ameikunja mpaka magotini. Hakukuwa na mtu wa tatu. Sikuwa mwalikaji, sikufungwa na sheria ya mtu, na nilikuwa nimezitukana sheria hizo toka Kigombe. Maneno ya Rukia yalikuwa mafupi. Yangesomeka kabla hajamaliza kuosha miguu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Weye mtoto wa nani?”

“Natoka kwa kina Rukia.”

Alisimama, maji yakidondoka kwenye viwiko. “Mwambie Rukia nimeshukuru,” alisema. “Nilikuwa na dukuduku na watu wa nyumba ile. Leo limekwisha. Mmekuja bila kuitwa. Na weye nimekuona ulivyoingia, umejitanda, umeinamisha kichwa. Siku hizi wasichana wa shule hawana adabu hiyo.”

Nikasema, “Pole, baba.” Nikanawa mikono. Nikarudi ndani. Nimejitafutia visingizio vingi: kwamba alikuwa na huzuni, kwamba sala ilikuwa imekaribia. Ukweli ni kwamba alinisifu, na mimi niliyewadharau watu wote wanaoishi kwa kusifiwa, sikutaka kuiharibu sifa ile. Ilikuwa tamu. Bado naukumbuka utamu wake.

Ndani ya gari Bi Hadia alitazama barabara mpaka tukafika njia panda. Kisha akauliza bila kugeuka, “Barua ya Rukia umempa mwenyewe?”

Sikujua kwamba anaijua. “Sikumpa.”

“Nilikuona toka dirishani. Mlikuwa wawili.”

“Sikumpa nimesema!”

“Haya. Usinipigie kelele. Tutarudi siku ya khitma, nitasema naye watu wakishaondoka. Mpaka hapo mtu asitaje harusi upande huu. Sefu, wasikia?”

Sefu hakusikia. Alikuwa ameshashuka, anakunywa chai kwenye kibanda, anamwonyesha mchuuzi wa samaki pikapu yake. Tulimsikia akimwambia kwamba gari hiyo Ijumaa ijayo itambeba bibi harusi, Rukia, mtoto wa Tanga, aolewa Raskazone, mambo makubwa. Mchuuzi akauliza, Rukia yupi, wa marehemu Athumani? Akapanda baiskeli yake, akashika njia ya Moa.

Siku ya khitma mimi nilisema naumwa kichwa. Bi Hadia alipanda basi peke yake, akarudi jioni ile ile, na kina mama wote tukakusanyika sebuleni kwa mama yake Rukia kumsikiliza. Mzee Mbwana alikuwa amemsimamisha uani mbele ya watu. Alimwambia: “Mlikuja na harusi mfukoni, mkamlilia mkwe wangu. Mkala. Mkanawa. Habari ya mtoto wa ndugu yangu nikaletewa na muuza samaki, na Ushongo nzima ishajua.” Akasema hatakuja, na asitumwe mtu tena. Walitumwa, wanaume watatu watu wazima, wakarudi hivyo hivyo. Wa Raskazone walisubiri wiki mbili kwa heshima, halafu wakaona wamesubiri vya kutosha. Faraji alilia mbele ya baba yake, nasikia, kisha akatii. Mwisho wa mwaka akaoa Unguja. Ni watu wa kulia na kutii.

Lakini siku ile ya sebuleni ndiyo ninayotaka kuisimulia. Bi Hadia alipomaliza, sauti ya Rukia ilitoka nyuma ya pazia la chumbani. “Na barua yangu?”

Nilifungua mdomo. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli, niliufungua.

“Barua niliichukua mie kwa Mishi njiani,” alisema Bi Hadia. “Nikaitia kwenye mkoba nikaisahau. Sijui hata nimeidondosha wapi.”

Barua ilikuwa kwenye pochi yangu, imenigusa kiunoni. Nilimfuata nje alipokuwa anavaa viatu, nikamuuliza kwa nini. Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilichomwagika. “Nilikuchukua mie,” alisema. “Nilikuchukua mie nikakurudisha mie. Kalale.” Hakuna aliyemtuma tena kualika. Mwalikaji mwenye kusahau ni nani atakayempa harusi yake? Akaanza kukaanga visheti. Mimi kabla ya mwezi kwisha nilikuwa Mombasa kwa mtu niliyemwita shangazi. Bi Hadia sikumshukuru. Nilimdharau kwa lile pia, niliona ananionyesha ukubwa, na kila mji niliokaa nilimchukia kidogo zaidi kwa kuwa sikumwomba. Barua ilifuliwa pamoja na nguo mwaka fulani nikiwa Mtwara, ikawa uji. Wakati huo nilikuwa nimeshaihifadhi kichwani.

Sasa, katika msiba, sinia liliingia, na aliyelibeba ni Rukia. Amenenepa, ana miwani, anashona sare za shule, na aliolewa baadaye na mwalimu wa Muheza ambaye alimwoa bila kelele, naye Rukia akamzalia watoto wanne. Alinipigia kigelegele kidogo cha chini chini, cha kuibia msibani, akaketi ubavuni mwangu, goti lake juu ya goti langu kama zamani. “Mishi mzururaji,” alisema. “Hata kufa kwa watu kwakupata njiani?” Wanawake wawili wengine wakasogea, tukawa wanne kwenye sinia. Wali ulikuwa umeshikana na nyama imerundikwa katikati. Mkono wa Rukia na wangu ilikwenda kwenye pande moja la nyama, akanipiga kidole, tukacheka kwa pua.

“Nimekuja kumsamehe,” alisema baadaye, anatafuna. “Asubuhi wamesema mwenye kinyongo na maiti amsamehe, nikasema nami nimemsamehe ile barua. Miaka yote nilimpita njiani sikumsalimu. Sasa basi. Kusahau si dhambi.”

“Amina,” wakasema wale wawili. Mmoja akaongeza kwamba marehemu alikuwa mwema lakini kichwa kilimpotea mapema.

Ningeweza kusema amina. Ilikuwa ndiyo adabu. Palikuwa na maiti aliyetoka asubuhi, na jambo langu halikuwa na mahali pale, kama ambavyo halikuwa na mahali Moa. Nikamtazama yule aliyesema kichwa kilipotea, mafuta yakimng'aa kidevuni.

“Hakusahau,” nilisema. “Barua hakuwa nayo. Nilikuwa nayo mimi. Nilikutana na baba yako mkubwa peke yetu, kwenye pipa la maji, na sikumsomea.”

“Jamani, Mishi,” alisema yule mwanamke, “hapa si mahali pake.”

Rukia aliutoa mkono wake siniani, akauweka juu ya paja, umejaa wali. “Niliandika nini?” akauliza. “Mie sikumbuki tena.”

Nikamwambia. “Baba mkubwa, shikamoo. Mimi ni Rukia wa Athumani. Waalikaji watasema maneno yao, lakini mimi nakuomba kwa mkono wangu uje uniozeshe wewe. Sitaki mtu mwingine akae mahali pa baba.”

Alisikiliza mpaka mwisho. Niliona goti lake limeondoka juu ya goti langu, sikuona lilipoondoka. Alikunja vidole, akajikung'uta wali uliomganda, akarudisha mkono kwenye sinia. Alilichukua lile pande la nyama tulilokuwa tunaligombania, akalisogeza taratibu juu ya wali, mpaka likafika upande wangu.

“Karibu,” alisema.

Ilikuwa nyama ngumu, imepikwa na watu wenye haraka. Niliila yote.